Usimwamshe

Kambini, ukingoni mwa msitu wa misonobari
Jumapili, tarehe 3

Mdogo wangu Maneno,

Tumefika kambi ya kwanza tukiwa wazima, jambo ambalo watu wa kiwanda chetu cha mikate walikuwa wamelitilia shaka. Nimekaa mlangoni mwa hema, miguu imekakamaa kama kuni, na vidole vina mafuta ya mnyororo ambayo hayatoki kwa sabuni. Utayaona kwenye karatasi hii. Niombee radhi kwa Mama, najua miaka yake ya kupiga taipu ofisini haijamfundisha kuvumilia doa.

Hamira anakusalimu. Ni yule tunayefanya naye kazi tanurini, aliyepewa jina hilo kwa sababu akikasirika huumuka. Leo ameumuka mara mbili, zote kwenye mlima. Tulipanda tangu asubuhi barabara ya changarawe inayopita katikati ya misonobari, tunasukuma zaidi ya kuendesha, mizigo inatuvuta nyuma. Kisha msitu ukaisha ghafla na bonde lote likawa chini yetu, mashamba yamepangana kama mikate kwenye sinia. Nilisimama nikaangalia. Hakuna aliyeniita, hakuna kengele iliyolia. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kusimama tu.

Sasa tuje kwenye kazi. Dawa nyeupe asubuhi na jioni, ile ya njano akishakula. Mito mitatu mgongoni, wala usimsikilize akisema miwili inatosha, maana akilala chali moyo unambana. Kiti cha dirishani ndicho anachokipenda. Mchana atakuambia amelala. Hajalala. Ule ni usingizi wa mang'amung'amu, kijiko kikianguka jikoni anauliza nani amevunja nini. Tangu moyo uanze kumsumbua sijamwona akipumzika sawasawa, na mimi ndiye ninayekaa naye, najua. Wewe likizo yako ndiyo kwanza inaanza, utaona.

Mimi mwenyewe nisingetoka. Unajua alivyonisukuma. Alianza kwa kuisifia baiskeli, akaendelea kwa kuisema sura yangu kwamba imepauka kama unga, akamaliza kwa kutandaza ramani mezani na kunichorea njia yeye mwenyewe. Mtu asiyeweza kutoka hadi uani ananipangia milima.

Jambo moja nakuomba, na hili usilifanyie mzaha. Akizidiwa, niite. Nyumbani hatuna simu na huku ndiyo kabisa, lakini nimekuachia majina ya posta nne tutakazopitia na siku tutakazofika. Baba alipokufa nilikuwa zamu ya tanuri. Nilirudi na unga nyweleni nikakuta viti vimeshapangwa uani na watu wananipa pole kwenye lango la nyumba yetu wenyewe. Sitaki tena kufika kwa mzazi wangu kama mgeni. Popote nitakapokuwa nitageuza. Niahidi.

Tutamalizia ziwani, kisha baiskeli zitapanda juu ya basi, na tutakuwa nyumbani Jumamosi ya tarehe 23.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Dada yako,
Jembe


Nyumbani, pembeni ya kiti cha dirishani
Jumatano, tarehe 6

Shikamoo dada,

Barua yako imefika pamoja na mafuta yake. Mama ameinusa akasema ni mara ya kwanza kitu chako hakinuki mkate. Amekusahihisha koma nne na amekupongeza kwa kuweka tarehe, maana anasema barua isiyo na tarehe ni uvumi. Nimemsomea habari ya mlima mara mbili. Mara ya pili alifumba macho nikadhani amelala, nikaacha kusoma, akasema, "Endelea, bado hajafika juu."

Kwa hiyo nimeshaona. Ulisema kweli, halali. Tunacheza karata. Ananiibia waziwazi, na nikimwambia anasema wagonjwa wana sheria zao. Mito ni mitatu. Dawa ni kama ulivyoagiza, mkuu wa kambi.

Likizo yangu si likizo kamili. Mhariri wa gazeti letu amekubali nikae nyumbani kwa sharti la kuniletea matangazo ya vifo hapa hapa, niyanyooshe kisha mjumbe wake ayachukue jioni. Kwa hiyo natandaza marehemu wa watu mezani, na Mama yuko pembeni anasikiliza. Jana mtu mmoja alileta karatasi iliyoandikwa "baba yetu amekufa Jumanne." Nikapitisha kalamu nyekundu nikaweka "amepumzika" bila hata kufikiri, kama wewe unavyotupa mkate ulioungua. Mama akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba kwenye ukurasa wetu hakuna mtu anayekufa. Wapo waliopumzika, waliotangulia na waliotwaliwa, na wote ni walewale. Akaniuliza kama nimewahi kuliandika lile neno lenyewe, hata mara moja. Nikafikiri, nikaona sijawahi. Alicheka mpaka akakohoa, ikabidi nimshike mgongo.

Daktari alipita jana. Si kwa jambo lolote, alikuwa na safari zake upande huu akaona asalimie. Waliongea wawili. Mimi nilitumwa dukani kununua kiberiti, na kiberiti tulikuwa nacho.

Umesema niahidi. Nimeahidi.

Hamira aambiwe asiumuke sana, hema litapasuka.

Mdogo wako,
Maneno


Kambini, kwenye mashamba ya alizeti
Jumamosi, tarehe 9

Mdogo wangu,

Daktari hapiti tu. Yule ninamjua, hata kwa mama yake mzazi hapiti tu. Alikuja kufanya nini? Nani alimwita? Na wewe ulitumwa kiberiti ukaenda, mtu mzima na ndevu zako.

Nimekujua tangu unajifunza kutembea. Wewe ukitaka kusema mvua inanyesha unasema mawingu yamefanya ukarimu. Siku nyingine nacheka, leo sicheki. Mficha maradhi kilio humuumbua, Maneno. Niandikie wazi, na uniandikie upesi. Sitaki ushairi. Nataka kujua jambo moja tu, kama Mama anapata kupumzika au bado anakesha kitini. Nikisikia amepumzika nitaendelea mbele na roho yangu imetulia. Kama hajapumzika nitarudi kutoka bondeni, na Hamira nimeshamwambia, amekubali.

Usidhani sifurahii. Ndilo linalonitia hofu, nafurahi mno. Jana tairi langu la nyuma lilipasuka katikati ya alizeti, barabara nyeupe, hakuna mtu. Tukageuza baiskeli juu chini, nikatoa tyubu, nikatafuta tundu kwa kuiweka karibu na shavu. Hamira alishika pampu akasukuma kwa nguvu zote kumbe mpira wa pampu haukuwa umeshika, alikuwa anaipulizia dunia nzima. Nilicheka nikakaa chini kwenye vumbi. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Alizeti zote zilikuwa zimetugeukia na nikaona aibu, halafu nikacheka tena.

Asubuhi naamka na mapema yangu ya tanuri, hiyo haiachi. Lakini hakuna wa kumgeuza wala wa kumpa maji. Nakaa nje ya hema na chai, naangalia ukungu unavyoondoka shambani, na mikono yangu haijui pa kukaa.

Mwambie Mama alizeti ni ndefu kuliko mimi. Mwambie njia aliyonichorea ni nzuri kuliko alivyojua.

Nijibu kwa posta ya bondeni.

Dada yako,
Jembe


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 11

Dada yangu,

Mama amepumzika. Ni alfajiri ya leo, kitini pake, kichwa chake begani kwangu. Hakuhangaika. Alishusha pumzi ndefu, uso ukalainika, akawa kama kwenye ile picha yake ya ofisini. Nilikaa hivyo hivyo mpaka jua likaingia dirishani, sikuthubutu hata kusogeza bega.

Siwezi kuandika mengi, mkono hautaki. Mjomba yupo, anasaidia. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi aikabidhi posta ya bondeni, ili uikute.

Tunakungoja Jumamosi.

Mdogo wako,
Maneno


Bondeni, kwenye benchi la posta
Jumatano, tarehe 13

Mdogo wangu mpenzi,

Amepumzika. Nimeisoma nimesimama dirishani, karani akaniomba nisogee kuna watu nyuma, sikusogea. Nimeisoma tena kwenye benchi. Hamira alidhani nimepata habari mbaya kwa jinsi nilivyokuwa nalia, nikampa barua asome mwenyewe, akasema, "Basi afadhali, mwenzangu, kumbe mdogo wako ana mkono mzuri."

Umdhaniaye siye ndiye. Nakuambia ukweli, kwanza niliona wivu. Muda wote ule nimembembeleza, nimempaka mafuta miguuni, nimemwimbia, nimemzimia taa na kumwashia taa, na hajawahi kunilalia begani hata robo saa. Wewe umekaa naye siku chache tu na karata zako, akalala mpaka jua likamwangaza usoni. Na huo mkono usiotaka kuandika naujua, ni ganzi, itaisha. Usifanye mchezo wa kusogeza bega mapema, ndipo anaposhtuka. Asante kwa kumpa dereva wa basi. Nilikukaripia bure, umenijibu upesi na umenijibu wazi.

Sasa nisikilize. Usimwamshe. Hata dawa ikipitiliza saa yake, mwache. Watu wa pale wakishasikia hali yake imebadilika watakuja kujaa sebuleni, na wewe huna uso wa kumfukuza mtu. Mwachie Mjomba kazi hiyo, angalau alipe alichokula. Funga pazia la dirishani baada ya jua la asubuhi. Akiamka mwenyewe mpe chai ya maziwa kidogo, si mkate, na umwambie habari yangu. Mwambie tumevuka mto kwa daraja la mbao, mimi mbele, baiskeli mabegani, na sikuangalia chini. Mwambie nimemsikia. Alisema nikitoka nitarudi na sura, na sura nimeshaipata, Hamira ananiambia nimekuwa mwekundu kama ganda la mkate.

Kuhusu Jumamosi usijali, hatujabadilisha ratiba. Jumamosi hii nitakuwa ziwani, nimeapa nitaingia majini hata yakiwa baridi namna gani. Jumamosi ile ya tarehe 23 nitakuwa mezani kwetu, na mkate nitaoka mwenyewe.

Sijalala vizuri hivi tangu sikumbuki lini. Wote wawili tumelala, mimi na Mama. Ni kama tulikuwa tumefungwa kamba moja.

Mbusu paji la uso, lakini polepole.

Dada yako,
Jembe


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 18

Dada,

Kaa chini kwanza. Mwite Hamira akae karibu nawe, umpe barua aishike, aisome karatasi ya kwanza kabla yako.

Mama amekufa.

Amekufa Jumatatu iliyopita, alfajiri, begani kwangu. Nililokuandikia siku ile lilikuwa hilo. Sikuwa na neno jingine. Nimetumia lile kwa ajili ya mama za watu wote wa mji huu, na kwenye meza yangu halina maana ya pili. Hili la leo nimeliandika kwenye karatasi za pembeni mara kadhaa ndipo nikaweza kuliweka hapa. Nilipokuwa naanza ile barua, Mjomba alinishika mkono, akasema mtu aliye njiani hapigwi na habari ya msiba ghafla, andika kwa upole, ataelewa. Nikaandika kwa upole. Kinyozi hajinyoi, dada, sikujua kwamba hata kalamu ni hivyo.

Tumemzika Jumamosi. Mjomba alitaka iwe Jumatano, nikakataa, nikasema dada yangu atageuza popote alipo, ameniapisha. Jumamosi tukasimama makaburini. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani nilinyanyua kichwa. Mjomba akasema tuanze, nikasema bado. Akasema tena, nikasema bado. Watu wakaanza kukaa chini kwenye nyasi. Vivuli vilipofika kwenye ukuta nikasema haya.

Na nitakuambia nilichofikiri, maana leo siwezi kukuficha chochote. Nilifikiri umeamua. Dereva aliniapia barua ameikabidhi dirishani. Nikasema moyoni, amechoka kumhudumia, ameona heri amalizie likizo yake. Nilikuchukia, dada. Nilimwaga udongo nikiwa nakuchukia. Hata barua yako ya alizeti ilikuja katikati ya wiki nikaichomeka kwenye rundo la barua za pole, sikuwa na hamu ya kusoma habari za maua.

Leo asubuhi imefika ya bondeni. Nimeifungua nimesimama uani, kwa hasira. Nilipofika pale uliposema akiamka nimpe chai, nilirudi kuisoma kutoka mwanzo. Mjomba alinikuta nimekaa kwenye saruji.

Kuna jingine. Siku ya kiberiti daktari alimwambia hazijabaki siku nyingi. Aliniambia mwenyewe Mama, jioni ile, akiwa anagawa karata. Nikasema namwita Jembe sasa hivi, tena nikainuka. Akanishika shati. Akasema, "Kaa. Dada yako hataniachia. Kila nikifika mlangoni ananirudisha. Ananipa maji, ananiinua, ananiongezea mto. Nampenda na namshukuru, lakini nimechoka, mwanangu. Mbele yake siwezi kupumzika." Hilo ndilo neno alilotumia, ni lake. Ramani ile aliichora ili uwe mbali.

Nilikuwa nimekuahidi wewe, na yeye alikuwa amenishika shati. Nilimtii yeye. Nilijiambia nitakuita akizidiwa zaidi, na hakuzidiwa, aliondoka tu.

Aliomba nimsomee mlima kila siku. Ya alizeti nimeifungua leo tu, ingempendeza.

Tangazo lake sijaliandika. Mhariri ameniachia nafasi kwenye ukurasa na nimeshindwa kuijaza. Sitakuomba msamaha kwenye karatasi.

Mdogo wako,
Maneno


Ziwani
Jumatano, tarehe 20

Maneno,

Karani wa posta ya hapa alinitania kwamba nina mchumba anayependa kuandika. Nikacheka naye. Nikaifungulia pale pale kwenye ngazi, sikukaa chini, sikumwita Hamira. Hiyo mistari ya kwanza nilidhani ni mzaha wako.

Sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanzia Jumamosi. Wakati mmesimama makaburini nilikuwa ndani ya ziwa, maji shingoni, baridi inanikata pumzi, napiga kelele na Hamira anapiga kelele. Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka kutuangalia. Nilisema kwa sauti, Mama angeniona. Ndivyo nilivyokuwa saa ile unamwambia Mjomba bado.

Tangu bondeni nimekuwa na furaha. Si furaha ya likizo, ilikuwa furaha juu yake. Kila kilima nilichopanda nilikuwa najiambia amelala, amelala, na miguu ilipata nguvu. Nilimwambia mwenye duka la mikate nisiyemjua kwamba mama yangu anapata usingizi. Akanipa hongera. Sasa nifanye nini na furaha ile? Nimeshaila. Siwezi kuirudisha, na siwezi kusema haikuwepo.

Nina hasira nawe na sitakuficha. Ungeandika neno moja la kawaida, hata njoo tu, ningepanda lori la mchanga nikafika. Lakini lako ni kosa, na kosa mtu anaweza kulishika akaligeuzageuza mpaka likalainika. Lake si kosa. Nimekaa tangu asubuhi nalifikiria hilo alilokuambia. Nakumbuka alivyokuwa akisema, "Basi, mwanangu, inatosha," na mimi namwekea mto wa tatu. Nilidhani anaona haya kunisumbua. Alisema inatosha mara nyingi sana, Maneno. Nilikuwa naisikia kama adabu.

Mimi ndiye nilimfunga kamba, nikaandika nikaisifu.

Tangazo liandike. Weka jina lake, kazi yake, siku. Weka kwamba amekufa. Usiweke lile lingine, nimeshalishangilia. Mhariri akilikata mwambie ni agizo la mteja.

Hamira amepanda basi leo. Ameng'ang'ania kubaki, nikamkatalia, amelia kuliko mimi. Mimi nitarudi kwa baiskeli, njia ile ile aliyoichora, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Basi litanifikisha haraka mno, na hakuna ninayemuwahi.

Sitaanzia nyumbani. Nitakwenda kwake kwanza, peke yangu. Usije kunipokea, wala usimtume Mjomba. Najua alipo Baba, lakini yeye sijui mmemweka wapi, na sitaki kuulizia mama yangu kwa mlinzi wa makaburi. Nielekeze kwa barua, nitaikuta posta ya bondeni. Niandikie kama unavyomwelekeza mtu asiyejua mji. Usipambe.

Jembe


Nyumbani
Ijumaa, tarehe 22

Dada,

Ukishavuka reli usiingie mjini. Shika barabara ya kiwanda cha matofali, iko mkono wa kushoto, ina lami nusu na vumbi nusu. Malori ya kiwanda huanza kutoka saa mbili asubuhi na hayapishi mtu, kwa hiyo pita kabla au kaa pembeni kabisa. Baada ya kiwanda kuna pampu ya maji ya mkono. Jaza chupa hapo, mbele hakuna.

Makaburi yana malango mawili. La kwanza ndilo tulilopitia kwa Baba, sasa limefungwa, na upande wa Baba umejaa, hatukupata nafasi. Nenda la pili. Ukiingia fuata ukuta mkono wako wa kulia mpaka kwenye kona. Mama yuko wa tatu kutoka kwenye kona, kati ya kaburi la saruji lisilopakwa rangi na jingine lenye uzio wa chuma wa bluu. Hutakosea, udongo wake ndio mpya. Umeshuka kidogo katikati kwa sababu ya mvua ya juzi, nilikwenda na koleo kuujaza, kisha nikauacha kama ulivyo mpaka uuone.

Kichwa kiko upande wa ukuta. Hakuna jiwe. Fundi nimemwambia asianze mpaka wewe useme kiandikwe nini. Maua ya watu yalikuwa yamekauka, nimeyaondoa. Baiskeli unaweza kuiegemeza ukutani. Kivuli kinafika pale baada ya saa saba, na kuna ubao wa kukalia ambao mwenye kaburi la bluu hakatazi watu kuutumia. Kaa utakavyo. Mlinzi hafungi mpaka jua lizame, na hataki chochote.

Nyumbani nipo. Chumba chake sijakigusa.

Mteremko wa kwenda lango la pili ni mkali na una changarawe tupu. Usiuendeshe. Shuka, usukume.

Mdogo wako